Nanaa Iliyotoka Kwenye Kopo

Jumapili, 3 Septemba 2023

Daftari hili kanipa binti yangu Vicky. Anasema mtu aliyevunjika nyonga asikae tu kununia ukuta, aandike. Haya, naandika. Leo nimeenda misa ya kwanza kwa miguu yangu. Na fimbo, sawa, lakini miguu ni yangu! Mara ya mwisho kufika kanisani bila kupakiwa kwenye bajaji ilikuwa Juni, kabla sijaanguka ngazi za stoo. Asante Mungu. Nimesema kwa sauti, peke yangu jikoni.

Na asante Mama Jeet. Jina lake Jasvanti, wa mlango wa pili, tumekaa ukuta mmoja hapa Upanga miaka kumi na tisa. Wiki sita nilizolala alikuja kila asubuhi saa mbili, chupa ya chai yenye nanaa mkono mmoja, bakuli la kichri, wali uliopikwa na choroko, mkono wa pili. Binti yangu yuko dukani Kariakoo, mimi kitandani, yeye ananigeuzia mto. Siku moja nilimwambia jamani achoke basi! Akasema nikimaliza kuongea ninywe, chai inapoa. Kiswahili chake cha mjini kinanishinda. Yeye kazaliwa Kisutu, mimi nilishuka kwenye basi la Moshi nina miaka ishirini na mbili.

Leo kaniletea kopo. Kopo la maziwa ya unga, limetobolewa chini, ndani kashina ka nanaa. Eti nijichumie mwenyewe sasa, yeye si mtumishi wangu! Tumecheka sana. Halafu akaongeza, na hapo hakucheka: nisiitoe kwenye kopo. Ikae humo humo.

Jumanne, 5 Septemba

Nimeitoa.

Siku mbili nimeiangalia pale dirishani, nikashindwa. Mmea kwenye kopo! Mimi nimekulia kihambani Kilema. Migomba, kahawa, magimbi, kila kitu kimeshika ardhi yake. Kwetu hata mtoto ukimpa mche anakuuliza shimo liko wapi. Na mizizi ilishaanza kuchungulia kwenye matundu ya chini, inatafuta. Nikawaza, mwanamke huyu kanilea wiki sita, halafu zawadi yake iishi kwenye bati? Haiwezekani. Nimekaa kwenye kigoda, nimechimba tutani kwa upawa wa wali, nimeweka na samadi ya kuku kidogo. Nitamshtukiza ikishanawiri.

Tuta letu ni moja, hatua kumi na mbili, kutoka mlango wangu wa jikoni mpaka wake. Upande wangu kuna mchicha, mchaichai na bilinganya mbili. Mwisho kabisa, upande wake, iko tulsi. Ile si ya kula. Kila asubuhi akishaoga anatoka na kikombe cha shaba, anaimwagia maji, anaizunguka, anaomba. Mbegu ilitoka kwa mama mkwe wake. Zamani ilikaa kwenye jungu la saruji, jungu likapasuka, ikahamia tutani. Mimi nikipita pale huwa napunguza sauti.

Jumamosi, 23 Septemba

Nanaa yangu imekuwa msitu! Majani mapana, harufu mpaka chumbani. Nimewapa akina mama wa jumuiya, nimempa Idrisa mlinzi, anaweka kwenye chai yake getini. Leo nimepeleka mafungu Kariakoo — mara yangu ya kwanza dukani tangu Juni! Mtaa mzima umenipokea kwa vigelegele, muuza kahawa kaninyima hata nafasi ya kuvuta pumzi. Wote nimewagawia. Sasa wananiita Mama Nanaa. Nimekaa kwenye kiti changu nyuma ya mapazia tunayouza, nikamwangalia Vicky anavyohudumia wateja, nikashukuru kimoyomoyo kwamba nimerudi kukiona kiti hicho.

Ila Mama Jeet bado sijamwambia. Jioni kaniuliza kopo linaendeleaje. Nikajibu linaendelea. Alipoingia kwake nikakata kitawi, nikakichomeka kwenye kopo tupu na kuliweka dirishani mahali anapoliona. Mtu wa miaka sitini na moja nafanya hivi! Sijui hata kwa nini. Alisema nisiitoe, nikaitoa, ndiyo hivyo.

Jumatano, 11 Oktoba

Mvua ya kwanza. Asante, udongo ulikuwa umekuwa sementi.

Lakini nanaa imetokea katikati ya mchicha. Na chini ya bilinganya. Nimevuta shina moja — kumbe kamba! Kitu cheupe kinachotambaa chini ya udongo, kila pingili ina mizizi yake. Urefu wa mkono wangu mzima, na bado sijafika mwisho. Idrisa alikuwa anapita, akasimama.

"Mama, umeipanda wazi?"

"Sasa nipande wapi, hewani?"

"Hiyo haina kwao, mama. Ukikata kipande ukakiacha, kesho na chenyewe kinaanza safari."

Aliwahi kufanya kazi ya bustani Oysterbay, anajua anachosema. Nimekusanya vipande vyote kwenye kiroba, kimoja kimoja. Nyonga inaniuma lakini afadhali iniume nikiwa nje kuliko kitandani.

Alhamisi, 12 Oktoba

Mama Jeet kaniita. Nanaa imechomoza upande wake, hatua mbili kutoka kwenye tulsi.

"Mama Vicky, njoo uone. Hii imetoka wapi?"

Nikasema labda ndege.

Ndege! Nanaa iletwe na ndege! Kaniangalia kidogo, kasema ndege wa siku hizi wana mambo. Akaing'oa, akanipa majani nikapikie chai. Mchana sikula.

Jumatatu, 23 Oktoba

Nimeenda mtaa wa Gerezani kwa fundi bati na ndoo yangu kubwa ya rangi. Nikamwambia akate kitako. Kanitazama. Watu wote wanamletea aweke vitako, mimi nataka kitolewe! Nikamweleza ni ya kuzikia mmea. Akakata, huku anawaambia wenzake kwa sauti kuna mama hapa anamfunga nanaa jela.

Idrisa kachimba, tumeizamisha ndoo, tumebakiza ukingo vidole vinne juu ya udongo. Idrisa anasema ukisawazisha na ardhi shina linaruka juu na kuendelea na safari. Shina mama tumeliweka ndani. Vingine vyote nje ya ndoo ni kung'oa. Sheria zangu: kuchuma kila baada ya siku moja, isitoe maua, kipande kisidondoke chini hata kimoja.

Nimesimama naangalia kazi yetu. Ndoo ndani ya ardhi. Yaani ni kopo lile lile, tofauti ukubwa! Mama Jeet alikuwa sahihi tangu siku ya kwanza. Idrisa hataki asante, anataka nanaa ya chai. Nimempa kikapu kizima.

Ijumaa, 3 Novemba

Hili nalo nitaliandika.

Upande wangu umetulia. Shida ni upande wake. Kamba zilishapita chini kabla ya ndoo, zimeingia kwenye tulsi yenyewe, vichwa vya nanaa vinachungulia kati ya matawi yake. Akiona nitasema nini? Ndege tena? Kwa hiyo siku tatu hizi nachimba alfajiri yeye akiwa anaoga. Nina robo saa. Kigoda, kisu cha jikoni, kiroba.

Leo nimefuata kamba mpaka kwenye shina la tulsi. Nikavuta, ikagoma. Nikakata. Nikaingiza kisu chini zaidi, nikakuta nyingine, ngumu, nikakandamiza kwa mikono miwili, ikakatika. Nikaitoa. Si nyeupe. Ni ya kahawia, nene kama kidole changu cha mwisho. Nikainusa. Haikunuka nanaa.

Nimerudisha udongo, nimeshindilia kwa kiganja. Mlango wake ukafunguka, akatoka na kikombe cha shaba, nywele zimelowa. Akamwagia maji pale pale nilipokata. Nikamsalimia. Akaniitikia vizuri kabisa, akaniuliza nyonga imeamkaje.

Jumapili, 12 Novemba

Diwali. Taa za samli mlangoni kwao, mistari ya unga wa rangi sakafuni, mizuri mno. Nimempa shikamoo Mzee Devendra, mume wake, kaniitikia na sahani ya vitafunio vyao, ladu na chevdo. Kila mwaka sahani hiyo inanifikia. Hata mwaka alioumwa Mama Jeet mwenyewe ilinifikia.

Mama Jeet hakukaa. Kanivuta mkono mpaka tutani. Tulsi imeinama. Majani ya chini ni ya manjano, ukiligusa tawi yanadondoka. Akasema labda mvua imezidi. Nikasema mvua kweli imezidi.

Siku ya kumi na moja kuanzia leo ni harusi yake. Ya tulsi! Kila mwaka naiona na kila mwaka naipenda. Wanauvalisha mmea kitambaa chekundu na bangili, unakuwa bibi harusi, wanamleta bwana harusi ambaye ni Mungu wao, pandit, kuhani wao, anasoma, na juu wanasimamisha miwa minne kama kibanda. Mama Jeet hana binti. Huyu ndiye binti anayemwoza. Miwa huwa inaletwa na Vicky kutoka sokoni, na Mama Jeet huiagiza mapema, wiki mbili kabla. Mwaka huu hajaagiza.

Kasema tulsi ya mama mkwe haijawahi kufa mikononi mwake, miaka ishirini na sita. Halafu kasema, taratibu, kama anajisemea: "Nimeikosea nini?"

Anajilaumu yeye! Ningeweza kusema pale pale. Mdomo ulifunguka kabisa, nikatia ladu.

Jumatano, 15 Novemba

Nimempigia mdogo wangu Rogath, Kilema. Nimemwomba isale, ule mmea wa majani marefu.

Mtu haagizi isale bure, na anajua. Kwetu ukimkosea mtu kosa la kweli unakata isale, unamletea mkononi, na aliyeletewa hakatai. Baba aliwahi kumsamehe mtu aliyemchomea ghala, kisa isale.

"Umemkosea nani, dada?"

"Jirani."

"Mchaga?"

"Mhindi. Mama Jeet."

"Sasa Mhindi ukimpa jani atajua nini?"

Nikamwambia asiulize mengi, akate. Lenye shina, si jani tupu. Akacheka, akasema anakata kwenye ua wa mama. Namshukuru huyu mtoto. Nasema mtoto, ana miaka hamsini na sita!

Jumamosi, 18 Novemba

Kitubio. Nimemweleza padri yote: kopo, kitawi cha uongo, ndege, kisu. Nilipofika pa ndege padri alitaka kucheka, nilimsikia akikohoa. Mwishoni hakunipa rozari nyingi. Kasema Mungu keshanisamehe tangu nilipopanga foleni, ila yeye padri hana tulsi, mwenye tulsi nakaa naye ukuta mmoja.

Tawi moja limekauka kabisa. Mama Jeet kalikata kwa mkasi, kalikunja kwenye kitambaa cheupe, kaingia nalo ndani. Hakulitupa.

Jumatatu, 20 Novemba

Kifurushi cha Rogath kimefika stendi ya Mbezi tangu jana. Kimekwama! Jangwani maji yamefunika barabara, magari yanageuzwa. Kijana wa bodaboda aliyekifuata kapiga simu, anasema mama, hapa hata bata angeomba msaada. Nimemwambia arudi salama, jani si la kufia.

Lakini zimebaki siku tatu harusi ifike. Nakaa dirishani. Nanaa kwenye ndoo inang'aa, imeshiba mvua, haina habari. Leo imenikera mpaka nimeichuma yote, kipara.

Chai ya Mama Jeet imekuja saa mbili kama zile wiki sita, maana kasikia kwa Vicky kwamba nyonga inasumbua na baridi ya mvua. Tulsi yake inakufa na bado ananiletea chai. Nimeinywa nikilia, jamani, nimeinywa yote.

Jumatano, 22 Novemba

Isale imefika saa nane mchana. Imefungwa kwenye jani la mgomba na gazeti, bado mbichi, shina urefu wa mkono, udongo wa kwetu umeganda kwenye gazeti. Nimenusa nyumbani.

Nilivaa kitenge kizuri. Nikaenda mlangoni kwake, si ule wa jikoni, wa mbele. Akafungua, akashangaa, akaniambia ingia. Nikasema nisimame. Nikaishika kwa mikono miwili kama baba alivyoletewa.

"Mama Jeet, nanaa nimeitoa mimi kwenye kopo. Siku ya pili tu."

"Najua."

"Unajua?"

"Kopo lako lina kitawi hakina mizizi, kila wiki kipya. Nina macho, Mama Vicky. Nilikuwa nangoja useme."

Nikasema bado sijamaliza. Nikamwambia nilikuwa nachimba alfajiri ili asione, na kwamba tarehe tatu nilikata mzizi wa tulsi kwa kisu cha jikoni. Si mvua. Si yeye. Mimi.

Hilo hakulijua. Niliona usoni. Alishika fremu ya mlango.

Nikampa isale. Nikamwambia kwetu tukikosa tunapeleka hii. Ningemaliza, kwamba akiletewa mtu hakatai. Sikumaliza. Nimekata mzizi wake, halafu nimfunge na mila yangu tena? Yeye hajakulia Kilema. Ana haki ya kukataa.

Akaipokea. Mlango kaufunga polepole, hakuubamiza. Nashukuru kwamba hakuubamiza. Nashukuru pia kwamba sasa anajua si kosa lake, hata kama mimi ndiyo basi tena.

Alhamisi, 23 Novemba

Saa kumi na nusu jioni. Mvua imekatika.

Asubuhi katoka na kikombe, kamwagia maji, kazunguka, kaomba. Dirishani kwangu hakuangalia. Chai haikuja. Isale sijaiona popote, na kwenye ndoo ya taka nimeangalia. Ndiyo, nimeangalia kwenye ndoo ya taka.

Tulsi imebakiza tawi moja. Nimehesabu majani kwa miwani ya Vicky: sita. Yale mawili ya juu, madogo, kama ni mapya — au ndiyo nataka yawe mapya. Saa tisa Mama Jeet kaivalisha kitambaa chekundu hivyo hivyo, kitambaa kikubwa kuliko bibi harusi. Kaifunga kwa uangalifu wote, kama mtu anayemvisha mgonjwa.

Vicky kafunga duka mapema, karudi na miwa minne bila kuagizwa na mtu. Imeegemea friji, majani yanafagia dari. Anasema nipeleke tu. Nikasema siendi mpaka niitwe. "Sasa mama, miwa minne tutaila lini?" Namshukuru lakini, kawaza kitu ambacho mimi nilikuwa naogopa kukiwaza.

Mtu anagonga. Ngoja.

Ni Mzee Devendra. Kavaa kurta nyeupe ya sherehe. Isale anayo mkononi! Shina limefungwa kitambaa kibichi chini, mtu kaiweka kwenye maji tangu jana. Nikampa shikamoo, kaitikia, kaingia hakuingia. Kasema ametumwa swali moja na ameambiwa asirudi bila jibu.

"Mama Jeet anauliza: hii nayo inatambaa?"

Nimecheka nikalia, vyote pamoja, mzee wa watu akabaki anaangalia viatu vyake. Nikamwambia haitambai. Kwetu ndiyo tunayopanda mpakani, kati ya kihamba na kihamba. Unapoiweka ndipo wajukuu watakapoikuta.

Kaenda. Nawasikia ukutani, Kigujarati kitupu, sielewi hata neno. Sauti ya Mama Jeet iko juu. Sijui ni hasira ama nini. Vicky naye kasimama na muwa mmoja mkononi kama askari, ananiuliza wanasemaje, kana kwamba mimi najua.

Mzee karudi! Anasema pandit yuko njiani, nitoke haraka na jembe, niipande mwenyewe, kati ya ndoo na tulsi, na Mama Jeet atasimama pale pale aone nachimba wapi. Nimeuliza kama amenisamehe. Mzee kasema hilo hakutumwa.

Jembe liko getini kwa Idrisa, Vicky kalikimbilia. Dirishani namwona Mama Jeet keshatoka, sari nyekundu, mikono kiunoni, kachora mstari kwenye udongo kwa kidole cha mguu, sasa kainua macho huku dirishani na ananiita kwa mkono, nitoke.